Etilini: Gesi inayoamua mbivu na mbichi

Na Mwandishi Wetu

MKUNGU wa ndizi mbichi ukifukiwa shimoni pamoja na moshi wa majani makavu, hautapita muda mrefu kabla ya kubadilika. Katika siku chache tu ganda la kijani hugeuka njano, nyama iliyokuwa ngumu hulainika na wanga usio na ladha huwa sukari.

Wakazi wa Afrika Mashariki wameifahamu kazi hiyo kwa vizazi vingi na wameipa jina lake, kuvundika. Ndizi za pombe ya rubisi kule Bukoba, za mbege katika miteremko ya Kilimanjaro na za urwagwa nchini Rwanda na Burundi, zote huanza safari yake kwa kuivishwa hivyo.

Kilichochukua muda mrefu kufahamika ni sababu yake. Sayansi imeonyesha kwamba joto la shimo si kiini cha jambo hilo, bali gesi moja isiyoonekana kwa macho, iitwayo etilini, ambayo imo ndani ya moshi na pia hutengenezwa na tunda lenyewe.

Kuielewa gesi hiyo si suala la wanafunzi wa maabara peke yao. Mlaji wa mjini hununua tunda ambalo hakuliona likichumwa wala likiivishwa, na katika nchi mbalimbali za Asia na Afrika wapo wafanyabiashara wanaoharakisha kuivisha matunda kwa kemikali ya viwandani inayoweza kuacha sumu. Anayejua jinsi tunda linavyoiva ndiye anayeweza kutofautisha njia iliyo salama na ile yenye madhara.

Homoni inayosafiri hewani

Mmea hauna ubongo, mishipa ya fahamu wala damu. Hata hivyo, mizizi, majani, maua na matunda yake hufanya kazi kwa kupokezana taarifa, na wajumbe wa taarifa hizo ni kemikali ziitwazo homoni, ambazo kwa lugha ya kilimo hujulikana pia kama vidhibiti ukuaji.

Kwa muda mrefu vitabu vya biolojia vimetaja makundi matano makuu ya homoni hizo, nayo ni oksini, jiberelini, sitokinini, asidi ya absisiki na etilini. Baadaye nyingine ziliongezwa katika orodha hiyo.

Miongoni mwa hizo tano, etilini ndiyo pekee iliyo gesi. Molekuli yake ni ndogo mno, kwani ina atomi mbili za kaboni na nne za hidrojeni tu. Kwa kuwa ni gesi, haihitaji kusubiri kubebwa na utomvu wa mmea. Hupenya katika tishu, hutoka nje ya ganda na kuingia katika tunda lililo jirani.

Hapo ndipo methali ya samaki mmoja akioza wote wameoza inapopata maana ya kisayansi kwa upande wa matunda. Ndizi moja iliyoiva ikiwekwa kikapuni pamoja na mbichi, gesi yake huzifikia zile nyingine na kuziamrisha nazo ziive.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kupita kawaida. Kwa ndizi zilizopevuka, sehemu moja tu ya etilini katika sehemu milioni kumi za hewa yaweza kutosha kuanzisha mabadiliko.

Taa za barabarani zilivyofichua siri

Historia ya ugunduzi wake inaanzia katika mji wa St Petersburg, Urusi. Katika zama hizo miji ya Ulaya iliangazwa kwa taa za gesi iliyotengenezwa kutokana na makaa ya mawe, na ilikwisha kuonekana kwamba miti iliyokuwa karibu na mabomba yanayovuja ilipukutisha majani kabla ya wakati.

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Dimitry Neljubow, aliona kwamba miche ya njegere aliyoiotesha gizani ndani ya maabara ilikuwa mifupi, minene na yenye kulala ubavu badala ya kusimama. Alipoiotesha katika hewa safi, ilisimama wima kama kawaida.

Mwaka 1901 Neljubow alitangaza kuwa kilichoiathiri miche hiyo ni etilini iliyokuwa ndani ya gesi ya taa. Dalili hizo tatu, yaani kufupika, kunenepa na kuinama, zingali zikitumiwa na watafiti hadi leo kama kipimo cha kujua iwapo mmea umeihisi gesi hiyo.

Tukio la pili lilitokea California, Marekani. Wafanyabiashara wa malimau walikuwa wakiyaweka katika vyumba vyenye majiko ya mafuta ya taa ili ganda la kijani liwe njano. Waliamini kuwa joto ndilo lililofanya kazi, lakini walipobadili majiko na kutumia vyombo vya kisasa zaidi vya kupasha joto, malimau yaligoma kubadilika rangi.

Mtafiti F. E. Denny alieleza mwaka 1924 kwamba kilichohitajika ni etilini iliyomo katika moshi wa majiko, wala si joto lake. Maelezo hayo ndiyo yanayoeleza pia kazi ya shimo la kuvundikia, kwani majani yanayoungua bila hewa ya kutosha hutoa etilini, na udongo unaofunika shimo huizuia isitawanyike.

Ilipofika mwaka 1934, mwanasayansi wa Uingereza, Richard Gane, alithibitisha kwamba matufaha yanayoiva huzalisha etilini yenyewe. Kuanzia hapo gesi hiyo haikuonekana tena kuwa uchafu wa hewa tu, bali ikatambuliwa kuwa homoni ya mmea.

Jinsi tunda linavyoitengeneza

Swali lililofuata lilikuwa ni vipi tunda huitengeneza. Jibu kamili lilipatikana katika Chuo Kikuu cha California, Davis, kupitia kazi ya Shang Fa Yang na wenzake, ambao mwaka 1979 walionyesha kiungo kilichokuwa kimekosekana katika mnyororo huo.

Malighafi ya kwanza ni methionini, moja ya asidi za amino zinazojenga protini katika viumbe vyote. Seli huibadili methionini kuwa kemikali iitwayo kwa kifupi SAM, kisha kimeng'enya kimoja huibadili SAM kuwa ACC, na kimeng'enya kingine huibadili ACC kuwa etilini.

Hatua ya kutengeneza ACC ndiyo yenye kufunga na kufungua bomba. Katika tunda changa kimeng'enya chake huwa kidogo, na etilini hutoka kwa kiasi kidogo sana. Tunda likishapevuka, jeni za kimeng'enya hicho huamshwa na uzalishaji hupanda ghafla.

Zaidi ya hayo, etilini yenyewe huamsha jeni za kutengeneza etilini zaidi. Ndiyo maana kuiva kukishaanza hakurudi nyuma, na mkungu uliokuwa mbichi mwanzoni mwa juma waweza kuwa umeiva wote kabla juma halijaisha.

Hatua ya mwisho ya mnyororo huo huhitaji oksijeni. Hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya wasafirishaji wa matunda kupunguza oksijeni katika makontena ili shehena ifike bandarini ikiwa bado mbichi.

Hata hivyo, si kila tunda hufuata utaratibu huo. Ndizi, embe, papai, parachichi, pera, nyanya na tufaha huweza kuendelea kuiva baada ya kuchumwa. Kwa upande mwingine, chungwa, limau, nanasi, zabibu na tikiti maji hazina mlipuko huo wa etilini, hivyo zikichumwa mbichi haziongezeki utamu.

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili yanayosaidia kulieleza jambo hili, kupevuka na kuiva. Tunda lililopevuka ni lile lililofikia ukubwa wake na kuweka akiba ya wanga ya kutosha. Tunda lililoiva ni lile ambalo akiba hiyo imekwisha kubadilishwa kuwa sukari. Etilini huivisha kilichopevuka, lakini haiwezi kupevusha kilicho kichanga.

Mlinzi anayezuia mlango

Sehemu iliyowashangaza zaidi wanasayansi ni namna seli inavyoipokea amri ya gesi hiyo. Wengi wangedhani kwamba etilini hufika, hubonyeza kitufe fulani na kazi huanza. Ukweli ni kinyume chake, kwani etilini hufanya kazi kwa kumwondoa mlinzi aliyekuwa akizuia kazi isianze.

Ndani ya seli kuna mtandao wa tando unaozunguka kiini. Juu ya tando hizo zimejipachika protini ziitwazo vipokezi vya etilini. Mmea mdogo wa arabidopsis, ambao ni ndugu wa kabichi na hutumika sana katika maabara, una aina tano za vipokezi hivyo, na cha kwanza kutambuliwa kiliitwa ETR1.

Wakati hakuna etilini, vipokezi huwa macho. Huishikilia protini ya pili iitwayo CTR1 na kuifanya iwe na nguvu ya kufanya kazi. Kazi ya CTR1 ni kuibandika protini ya tatu, EIN2, alama za fosfati. EIN2 yenye alama hizo huwa kama mtu aliyefungwa pingu, haiendi popote.

Wakati huo huo, ndani ya kiini cha seli, protini ya nne iitwayo EIN3 hutengenezwa mara kwa mara lakini huharibiwa kabla ya kufanya lolote. Seli huipeleka katika mashine yake ya kusaga protini zisizohitajika. Kwa sababu hiyo jeni za kuivisha tunda hubaki zimelala.

Etilini inapofika, huingia katika mfuko mdogo ndani ya kipokezi. Katika mfuko huo mna madini ya shaba, na etilini hujishikiza kwenye shaba hiyo. Kipokezi hubadilika na kuacha kuipa nguvu CTR1, nayo CTR1 huacha kuibandika EIN2 alama zake.

EIN2 isiyo na pingu hukatwa, na kipande chake cha mwisho husafiri hadi ndani ya kiini cha seli. Kufika kwake husaidia EIN3 isisagwe tena. EIN3 huongezeka, hujishikiza kwenye vinasaba na kuamsha jeni moja baada ya nyingine.

Kwa maneno mengine, kuiva ni sawa na gari lililoegeshwa mlimani. Uwezo wa kuteremka upo tayari, na kilichokuwa kikilizuia ni breki. Etilini ndiyo inayoachia breki hiyo.

Ushahidi ulivyopatikana

Maelezo hayo hayakutokana na kubahatisha. Mwaka 1988 Anthony Bleecker na wenzake waliotesha gizani idadi kubwa ya miche ya arabidopsis ambayo jeni zake zilikuwa zimebadilishwa, kisha wakaiweka katika hewa yenye etilini.

Karibu miche yote ilifupika na kuinama. Michache ilisimama wima kana kwamba hakuna gesi yoyote iliyokuwapo. Miche hiyo iliyokuwa "viziwi" kwa etilini ndiyo iliyowaongoza watafiti hadi kwenye jeni ya ETR1, ambayo Caren Chang na wenzake waliitangaza mwaka 1993.

Mwaka huo huo ilielezwa pia jeni ya CTR1. Mimea iliyoipoteza jeni hiyo ilikuwa na tabia tofauti kabisa, kwani ilifupika na kunenepa wakati wote, hata pale ambapo hapakuwa na etilini. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwamba CTR1 ni breki.

Mwaka 1998 Jian Hua na Elliot Meyerowitz walikwenda hatua zaidi. Waliondoa vipokezi kadhaa kwa pamoja katika mmea mmoja. Iwapo kipokezi kingekuwa kitufe cha kuwashia, mmea huo ungekuwa kiziwi. Badala yake ulikuwa kama uliozungukwa na etilini muda wote, jambo lililothibitisha kwamba kipokezi kisicho na gesi ndicho kinachozuia.

Kuhusu shaba, Stanley Burg na Ellen Burg walikwisha kukisia tangu mwaka 1967 kwamba mahali etilini inaposhikia lazima pawe na madini, baada ya kulinganisha nguvu za gesi mbalimbali zinazofanana nayo. Ilichukua zaidi ya miaka 30, hadi mwaka 1999, kwa ushahidi wa shaba kupatikana. Safari ya kipande cha EIN2 kwenda katika kiini cha seli nayo ilielezwa mwaka 2012.

Kinachotokea ndani ya ndizi

Katika tunda, jeni zinazoamshwa hutoa vimeng'enya vyenye kazi tofauti. Kundi moja huvunja wanga kuwa sukari. Nyama ya ndizi mbichi huwa na wanga wa kati ya asilimia 20 na 25 ya uzito wake, na ikiiva kabisa hubaki na asilimia chache tu, huku sukari ikipanda na kufikia karibu asilimia 20.

Kundi la pili hushughulikia pektini, ambayo ni kama saruji inayozishikanisha seli. Pektini ikivunjwa, tunda hulainika. Kundi la tatu huvunja umbijani, ile rangi ya kijani, na kuacha rangi ya njano iliyokuwa imejificha nyuma yake ionekane. Vimeng'enya vingine hutengeneza kemikali zinazolipa tunda harufu yake.

Kazi hizo haziendi sambamba daima. Katika ndizi za aina ya Cavendish, joto likizidi nyuzi 24 za Selsiasi, kuvunjika kwa umbijani huzuiwa ilhali wanga unaendelea kugeuka sukari. Matokeo yake ni ndizi laini na tamu iliyobaki na ganda la kijani, jambo la kawaida katika miji ya pwani yenye joto. Rangi ya ganda pekee, kwa hiyo, si shahidi wa kutosha.

Hatari ya kabidi

Mawe ya kijivu ya kabidi ya kalsiamu hufahamika zaidi kwa mafundi wa kuchomelea vyuma. Yakikutana na maji, au hata na unyevu unaotoka kwenye matunda, hutoa gesi ya asetilini. Gesi hiyo nayo ina atomi mbili za kaboni, lakini ina mbili tu za hidrojeni badala ya nne.

Mfanano huo ndio unaoiwezesha kuiga kazi ya etilini. Hata hivyo ni mwigaji dhaifu. Katika vipimo vya mwaka 1967 vilivyofanywa kwa miche ya njegere, asetilini ilihitajika kwa kiasi kinachozidi kile cha etilini kwa zaidi ya mara 2,000 ili kuleta matokeo yaliyo sawa.

Tatizo kubwa haliko katika asetilini peke yake, ingawa gesi hiyo huweza kulipuka. Kabidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, ambayo yakikutana na unyevu huweza kutoa gesi zenye sumu kali. Anayeshika mawe hayo kwa mikono, kuyafunga katika karatasi na kuyapachika katikati ya mikungu ndiye wa kwanza kuwa hatarini, na masalia yake yaweza kubaki juu ya matunda.

Kuna hasara nyingine pia. Kabidi humshawishi mfanyabiashara kuchuma matunda ambayo hayajapevuka, akitegemea rangi ya ganda imfiche. Kwa kuwa tunda changa halina wanga wa kutosha, mlaji huuziwa embe lenye sura ya kuiva lakini lisilo na utamu.

India imepiga marufuku uuzaji wa matunda yaliyoivishwa kwa gesi ya kabidi, na kanuni zake za usalama wa chakula za mwaka 2011 zinalieleza katazo hilo bayana. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya nchi hiyo iliruhusu etilini itumike badala yake, kwa kiwango kisichozidi sehemu 100 katika milioni moja ya hewa.

Si rahisi kwa mnunuzi kuitambua kabidi kwa macho. Ganda lenye rangi iliyoenea sawasawa huku nyama ikiwa ngumu na isiyo na harufu laweza kutia shaka, lakini si ushahidi kamili. Kilicho ndani ya uwezo wa kila mtu ni kuosha matunda vizuri kwa maji safi kabla ya kuyamenya.

Njia zilizo salama

Katika biashara kubwa ya ndizi, mikungu huchumwa ikiwa imepevuka lakini mbichi na kusafirishwa katika baridi ya nyuzi 13 hadi 14. Ikishafika, huingizwa katika vyumba maalumu na kupewa etilini ya sehemu 100 hadi 150 katika milioni kwa siku moja au mbili, katika hewa yenye unyevu mwingi na ubaridi wa wastani.

Kiwango hicho ni kidogo sana kikilinganishwa na kile kinachoweza kulipuka, ambacho huanzia karibu asilimia tatu ya hewa. Etilini hiyo ni molekuli ile ile inayotengenezwa na tunda. Haiongezi kitu kigeni, bali hulipa tunda ishara ambayo lenyewe lingejipa siku chache baadaye.

Nyumbani hakuna haja ya chumba maalumu. Maembe au maparachichi yaliyopevuka yakifungwa katika mfuko wa karatasi pamoja na ndizi moja iliyoiva, gesi ya ndizi hiyo hufanya kazi yote. Mfuko wa plastiki uliozibwa kabisa haufai, kwani oksijeni hupungua na unyevu hukusanyika, nayo matunda huoza.

Kwa mantiki hiyo hiyo, ndizi zilizoiva hazipaswi kuwekwa karibu na mchicha, matango au karoti. Etilini huyafanya majani kuwa ya njano na karoti kuwa chungu. Ndizi mbichi nazo haziwekwi kwenye jokofu, kwa kuwa baridi iliyo chini ya nyuzi 13 huumiza seli zake na ganda huwa jeusi kabla ya kuiva.

Kuifunga breki upya

Elimu ya vipokezi imewezesha pia kazi iliyo kinyume, yaani kuchelewesha kuiva. Mwaka 1976 iligunduliwa kwamba madini ya fedha huzuia kazi ya etilini. Sasa inafahamika kuwa fedha huchukua nafasi ya shaba katika kipokezi na kukifanya kisiweze kuisikia amri ya gesi. Dawa yenye fedha imetumika kurefusha maisha ya maua yaliyokatwa kama mikarafuu ya bustanini, lakini haifai kwa chakula kwa kuwa ni madini mazito.

Hatua kubwa zaidi ilipatikana katika Chuo Kikuu cha North Carolina State, ambako Edward Sisler na Sylvia Blankenship walivumbua matumizi ya gesi iitwayo kwa kifupi 1-MCP na kupewa hataza mwaka 1996. Molekuli hiyo hujishikiza kwenye kipokezi kwa nguvu ya takriban mara kumi kuliko etilini, na haiachii kwa urahisi. Ufunguo bandia ukikwama katika kufuli, ule wa halali hauwezi kuingia.

Nchini Marekani 1-MCP iliruhusiwa kwa maua mwaka 1999 na kwa matunda mwaka 2002. Ndiyo inayoyawezesha matufaha kukaa ghalani kwa miezi mingi yakiwa bado magumu. Tunda hujinasua taratibu kwa kutengeneza vipokezi vipya, na hapo huiva.

Umuhimu wa elimu hiyo hauhitaji maelezo marefu. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ya mwaka 2011 ilikadiria kuwa karibu theluthi moja ya chakula kinachozalishwa kwa ajili ya binadamu duniani, takriban tani bilioni 1.3 kwa mwaka, hupotea au kutupwa. Matunda na mboga ni miongoni mwa vinavyopotea zaidi, na shehena ya maembe yaliyoiva yote kwa pamoja njiani ni hasara inayobebwa na mkulima.

Si etilini peke yake

Utaratibu wa kuachia breki haukuishia kwa etilini. Watafiti walipochunguza homoni nyingine walikuta mantiki inayofanana. Oksini, inayoongoza ukuaji wa shina na mizizi, hufanya kazi kama gundi inayoziunganisha protini zuizi na mashine ya kuzisaga. Zikishasagwa, jeni za ukuaji huamka.

Jiberelini nayo, ambayo ugunduzi wake ulitokana na ugonjwa wa mpunga uliochunguzwa na Eiichi Kurosawa mwaka 1926, huondoa protini zuizi ziitwazo DELLA. Mwaka 1999 ilibainika kwamba ngano fupi zilizoleta Mapinduzi ya Kijani, zilizompatia Norman Borlaug Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, zina DELLA iliyobadilika na isiyoondolewa kwa urahisi. Breki yake haikuachia, shina likabaki fupi, na ngano hiyo ikaweza kubeba masuke mazito bila kuanguka.

Mamilioni ya watu wamekula mkate kutokana na breki hiyo moja iliyokwama, kama ambavyo wengine wamekula ndizi kutokana na breki nyingine iliyoachia. Wakulima hawakuzijua protini hizo kwa majina, lakini walijua kuchagua mbegu na kufukia mkungu kwa wakati wake.

Kwa mnunuzi wa sokoni, somo lililo karibu zaidi ni kwamba tunda lililopevuka vizuri halihitaji mawe ya fundi wa kuchomelea ili liive. Linahitaji hewa, siku chache na jirani aliyekwisha kuiva.